Hakuna Aliyemtukana Marehemu

Nimezika watu wengi katika maisha yangu, na kwa umri nilionao nilidhani misiba haiwezi kunishtua tena. Mwaka huu nilishtuka, tena Nachingwea. Tulikuwa tunamzika Mama Kalista, mwanamke wa Kingoni aliyekaa na Wamwera miaka mingi kuliko aliyokaa kwao Songea. Turubai lilifungwa vizuri, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, mshereheshaji ana kipaza sauti chake, wapishi wa kukodi wamepanga masufuria ya pilau mezani, na watu wamesimama foleni na sahani mikononi, kimya, kama wanaosubiri dawa. Padri alisali vizuri na kwaya iliimba vizuri. Mimi nilikuwa nasubiri. Nilijua kuna saa Mmwera mmoja atatoka kwenye kundi, ajilaze mbele ya jeneza, aseme huyu mwizi hatoki hapa mpaka arudishe kuku wetu. Hakutoka mtu. Jeneza likapita, kaburi likafukiwa, watu wakafuta machozi na kupanda bodaboda zao. Hakuna aliyemtukana marehemu. Mwanamke aliyewatukana Wamwera nusu ya maisha yake, na wao wakampenda kwa hilo, alizikwa kwa adabu kama mtu asiye na kwao.

Nilimtafuta mjukuu wa Bi. Somoe, mama aliyenipangisha chumba nilipokuwa msichana. Bi. Somoe mwenyewe alishatangulia. Kijana alikuwa amesimama pembeni, suti nyeusi, mikono ameikunja mbele. Nikamuuliza, wewe si Mmwera? Huyu tunayemzika si mtani wako? Mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, ya kuchukua kitu chako bila kuomba, na siku ya msiba kazi yake ni kuchekesha waliofiwa. Haya anayajua, si mtoto. Akanijibu kwa upole kabisa: "Bibi, siku hizi watu wanarekodi. Ukifanya utani hapa, kesho uko kwenye simu za nchi nzima, unaitwa huna utu." Nilirudi kwenye nyumba ya wageni nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikaukumbuka mwaka wangu wa Ruangwa, mwaka ambao Bi. Somoe alikaribia kufa kwa njaa katikati ya watu waliokuwa wanampikia.

Nilifika Ruangwa nikiwa mpiga chapa, nimetoka Bukoba moja kwa moja, sijawahi kuona mkorosho hata kwenye picha. Kila kitu kilinishtua, sioni aibu kusema. Chumba alichonipa Bi. Somoe kilikuwa upande wa juu wa nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko, kiasi kwamba dirishani kwangu nilikuwa naangalia mapaa ya majirani na moshi wa majiko yao. Nusu ya chumba ilikuwa magunia matupu yaliyonuka korosho. Jioni ya kwanza nilinunua mihogo ya kukaanga barabarani, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikaanza kula kitandani kama mtu yeyote aliyechoka na safari. Bi. Somoe akabisha. Nilipofungua, hakusalimu, alinipokonya sahani mkononi, akaenda nayo uani, akaiweka katikati ya mkeka waliokaa wanawake wenzake. Akaniambia, "Hapa mtu akijifungia na chakula, watu hawasemi ana njaa. Wanasema ana lake jambo. Njoo ukae, Koku." Nilikaa. Mihogo yangu ililiwa na mikono minane kabla sijapata kipande cha pili, na mbele yangu ikasogezwa mbaazi ya nazi na ugali wa muhogo. Nilikuwa nimekasirika, halafu nikaonja mbaazi ile, hasira ikapotea.

Ndivyo jioni za kule zilivyokuwa, na mimi niliyezoea kila nyumba kula kivyake nilichukua muda mrefu kuamini. Jua likishaegemea vilima, wanaume wa nyumba nne au tano walikuwa wanakusanyika barazani kwa mume wa Bi. Somoe, Mzee Chilumba, na kila nyumba inatoa sinia lake. Anayepita njia anaitwa. Akisema ameshiba anaitwa tena, na hapo anakuja. Wanawake tulikaa uani, tukisikia kila wanachosema, na wao wakijua tunasikia. Kulikuwa na kisamvu cha karanga, samaki wakavu wa Lindi, na wakati wa kiangazi ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kumenywa kwa kucha huku watu wanapiga soga. Baada ya kula tulishuka mteremko kwenda sokoni bila shida yoyote ya maana, kutembea tu, kunywa kahawa chungu na kashata, kuwaangalia wanaume wakigombana kwenye bao, kusikia nani kaachwa na nani karudiwa. Sasa hivi naishi mjini penye jokofu na televisheni, na nakula nimekaa peke yangu mezani. Sijajifungia, ila matokeo ni yale yale.

Jambo lililonishtua zaidi ya yote lilikuwa Mama Kalista. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mpishi wa shule, mnene, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, mumewe dereva wa malori asiyeonekana. Wiki yangu ya kwanza nilimwona anapita uani bila kutusalimu, anakwenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa wanaume, anakaa katikati yao, anamnyang'anya Mzee Chilumba tonge mkononi na kulitia mdomoni. Kisha akaanza kumtukana. Alimwita mwanaume aliyeolewa, aliyeletwa na kibegi chake kama bibi harusi, maana kweli Mzee alihamia kwa mkewe, kwa desturi yao, na nyumba ile ilikuwa ya ukoo wa Bi. Somoe. Mzee, mtu mzima mwenye mvi na kofia ya hariri, akamjibu kwamba Wangoni walikuja kupora nchi ya watu, wakashindwa kurudi kwao kwa sababu walionja mbaazi. Mimi nilishikilia kikombe changu. Kwetu maneno yale yangeleta mapanga. Nikamgeukia Bi. Somoe nione anavyoumia, nikamkuta anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Ndipo nikaelezwa kwamba ni watani, na kwamba ningejihadhari, maana mgeni naye hukoga matusi yao.

Nami nilikoga. Siku moja Mama Kalista aliniita kwake akanipakulia kitoweo cha nyama iliyobanikwa, tamu, yenye mifupa midogo midogo, nikala na kuomba tena. Nilipouliza ni ndege gani, alisema ni panya wa shambani, amenunua kwa jirani yake Mmakua. Nilikimbilia nje. Mji mzima ulipata habari kabla sijarudi ndani, na jioni barazani Mama Kalista aliwaambia kwamba Mhaya anatapika panya huku kwao wanakaanga panzi na kuwahifadhi kwenye makopo kama karanga. Mzee Chilumba alisema yeye Mwislamu hali panya, lakini kati ya panya na panzi angalau panya ana damu. Nililia chumbani usiku ule kwa hasira. Kesho yake jioni hakuna aliyenikumbusha, na sinia lilisogezwa kwangu kama kawaida.

Lazima niseme neno kuhusu ugali, kwa sababu Mzee na mkewe walikuwa na mchezo wao. Kila jioni, sinia likishafika barazani na Mzee akishamega tonge la kwanza, alikuwa anasimamisha taya, anatulia kidogo, halafu anapaza sauti: "Somoe! Leo umesonga ugali au umefyatua tofali?" Naye kutoka uani anajibu, "Lirudishe, nijengee choo." Kila jioni, maneno yale yale. Wageni walicheka, wenyeji hawakucheka tena, walishazoea kama adhana. Lakini niligundua kitu nilipokuwa nakaa karibu na Bi. Somoe: mkono wake haukuingia kwenye sahani mpaka asikie lile tofali. Mzee akichelewa kurudi, sisi sote tunakula, yeye anasema hana njaa bado. Walikuwa wamezeeka pamoja hivyo, na sidhani kama hata wao walijua.

Mzee Chilumba alikufa wakati wa korosho. Alirudi kutoka shambani asubuhi akilalamika kifua, wakampakia kwenye gari la mtu kwenda hospitali, na gari likarudi naye amefunikwa shuka. Jana yake tulikuwa tumecheka naye. Nakumbuka niliendelea kuosha vyombo uani huku watu wanapiga mayowe, kwa sababu mikono haikuwa imepata habari. Walimzika siku ile ile, alasiri. Na hapo, wakati wanaume wameliinua jeneza wanatoka nalo uani, Mama Kalista alijibwaga chini katikati ya njia, miguu ameitandaza, akasema huyu Mmwera ana deni lake la matonge yote aliyokula kwa miaka hiyo na maiti haipiti. Wabebaji wakasimama na jeneza mabegani. Nilidhani watampiga. Mtu mmoja akaenda kumkamata jogoo, akamkabidhi, naye akampima mkononi, akasema amekonda kama mwenye nyumba, ila apite. Watu wakacheka, na macho yao mekundu. Mimi sikucheka. Nilimwangalia yule mama na kumwona hana moyo, na kama ningekuwa na nguvu ningemkokota mwenyewe.

Bi. Somoe naye hakucheka. Alikuwa ndani, amekaa eda, amejifunika, macho kwenye ukuta. Watu walidhani ni siku ya kwanza. Lakini ikapita siku ile na zilizofuata, na chakula kilichoingia kilikuwa kinatoka kama kilivyoingia. Uji ulitengeneza ngozi juu. Alikubali maji, basi. Dada zake walimbembeleza, wakamkaripia, wakamwombea. Kaka yake, aliyekuja kutoka Ruponda, mjomba wa watoto na ndiye mwenye sauti katika ukoo ule, alipiga magoti mbele yake, mwanaume mzima, akamwomba ale hata kwa ajili ya wajukuu. Bi. Somoe alimwambia tu, kwa sauti ndogo, kwamba chakula hakipiti. Alikuwa hasusi wala hagombi na mtu. Mfupa wa shingo ulishaanza kujitokeza, na alipoinuka kwenda chooni nilimshika kiuno nikahisi namshika mtoto. Wanawake walianza kunong'ona jikoni kwamba huyu anamfuata mumewe, na kwamba sanda waliyoikata ilibaki kipande, ishara kwamba inamsubiri mwingine.

Barazani hapakuwa na mikeka tena. Masinia yalipelekwa ua wa nyuma, watu wakala haraka haraka na kunyamaza, na mji ule wa jioni niliokuwa nimeuzoea ukawa giza na mbwa. Jioni moja waliniambia nisonge ugali mimi, kwa sababu wanawake wenyewe walikuwa hoi. Sikuwahi kuuweza ugali wa muhogo. Niliusonga hivyo hivyo, nikaupakua, nikaupeleka chumbani kwa Bi. Somoe na mbaazi, nikauweka mbele yake, nikakaa na wenzangu ukutani kusubiri muda wa kuutoa. Ndipo tukasikia hatua koridoni: moja nzito, moja ya kuburuta. Mzee Chilumba alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Shangazi mmoja alishika kifua. Mlango ukafunguliwa, na aliyeingia alikuwa amevaa koti la kijivu la Mzee, lile alilovaa kila jioni hata joto likiwa kali, na kofia yake ya hariri, na fimbo yake mkononi. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi chake hasa, kile cha kuanza taratibu na kuishia na mluzi. Ilichukua muda kuona kwamba ndani ya koti lile alikuwa Mama Kalista.

Mama mdogo wa marehemu aliinuka amtoe nje, kwa sababu hata utani una mpaka, na wote tuliona kwamba sasa umevukwa. Nilimchukia Mama Kalista wakati ule kwa moyo wangu wote. Yeye hakumtazama mtu. Aliketi kwenye mkeka kama anavyoketi mwanaume, akalaza fimbo pembeni pale pale Mzee alipokuwa anailaza, akanawa, akamega tonge, akalichovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Akasimamisha taya. Chumba kizima kilisimama naye. Kisha akapaza sauti ile, kwa lafudhi ile ya Kimwera aliyokuwa akiicheka miaka yote: "Somoe! Leo umesonga ugali au umefyatua tofali?"

Bi. Somoe aliondoa macho ukutani. Alimtazama yule mtu mwenye koti kwa muda mrefu, uso umekunjamana, nami nikajua tumemuua. Kitu kikamtoka kooni, sikujua kama ni kicheko au ni kilio, na sidhani kama yeye alijua, kwa sababu vyote viwili vilikuja pamoja, kwa sauti, mabega yanatikisika, kamasi zinamtoka. Alikuwa hajalia hata mara moja tangu gari lirudi. Dada zake walimkimbilia akawasukuma. Akafuta uso kwa viganja, akavuta pumzi, akasema, "Lirudishe. Nijengee choo." Halafu akanyoosha mkono kwenye sinia. Alimega kipande kidogo, akakitafuna akilia, akakimeza. Akamega kingine. Hakuna aliyesogea, tuliogopa kumkatiza. Alipofika tonge la tatu aligeuka akauliza nani kasonga ugali huu, maana safari hii marehemu angekuwa na haki. Wote wakanielekezea vidole. Na hapo chumba kililipuka kwa kicheko, kaka yake wa Ruponda akachungulia mlangoni kuona kuna nini, akamkuta dada yake anakula, akaegemea fremu ya mlango kwa mkono na kuinamisha kichwa.

"Vua koti la mume wangu, Mngoni," Bi. Somoe akasema, mdomo umejaa. "Nawajua nyinyi. Mtaondoka nalo."

"Silivui," Mama Kalista akajibu, akainuka na fimbo yake. "Marehemu kanirithisha. Wewe utalifanyia nini, na hivyo ulivyokonda?" Akatoka, anaburuta mguu, na vicheko vikamsindikiza mpaka koridoni.

Niliamka kwenda kuleta mbaazi nyingine, kwa sababu Bi. Somoe alikuwa ameimaliza. Nilipita mlango wa nyuma, na nje, kati ya ukuta wa jiko na rundo la kuni, nikamkuta Mama Kalista ameinama, mkono mmoja ukutani, kola ya koti ameiuma kwa meno. Alikuwa analia kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Alipoinua uso niliona shavu moja limevimba. Tonge lile la ugali lilikuwa bado mdomoni mwake, hakuweza kulimeza. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mwaka mzima, kuliko siku ya panya, kuliko siku ya jeneza. Aliposikia hatua zangu alinifanyia ishara kwa mkono, akalitema tonge kwenye majivu, akasema kwa sauti iliyokatika katika, "Simama hapo mlangoni, mwanangu. Mtu asinione. Mtani halii msibani."

Nikasimama mlangoni, nikapanua kanga yangu. Nyuma yangu alijaribu kujizuia, kilio kikazidi kumkaba, kikatoka kwa vishindo. Kaka wa Bi. Somoe alikuwa anakuja koridoni na birika la maji, uso umemchangamka. Akasikia, akasimama. Akaniuliza nani huyo anayekoroma huko nje.

Sijui nilipata wapi maneno. Mimi si Mmwera, si Mngoni, sina utani na mtu yeyote kati ya wale, na mwaka mzima nilikuwa sijafungua mdomo barazani.

"Ni Mngoni," nikasema kwa sauti ya kusikika ndani. "Amekula kwa pupa, amepaliwa. Si mnawajua walivyo na msiba wa watu."

Kaka mtu akacheka mpaka maji yakamwagika kutoka kwenye birika. Ndani nao wakacheka, na juu ya sauti zao zote nikasikia ya Bi. Somoe, imekauka lakini yake kabisa. "Mpige mgongoni, Koku," alisema. "Asije akatufia hapa, tukapata msiba wa pili na chakula chenyewe hakitoshi."

Nikarudi nyuma hatua moja, kanga bado nimeipanua, nikamwekea Mama Kalista mkono mgongoni, nikampigapiga taratibu mpaka akamaliza.